Jinsi Nilivyomtafutia Edwin Kofia ya Samawati

Jumatano, 1 Juni 1927

Siku ya thelathini na tisa ya ndoa! Nimeamka kabla ya Edwin ili nimtazame akilala. Analala vizuri kuliko mwanamume yeyote hapa Cambridge. Nina hakika, ingawa sijawaona wengine.

Habari kubwa. Kapteni, Bwana Hugo Marchbanks, amekwisha kutaja watu kumi watakaocheza kriketi na Oxford pale uwanja wa Lord's, London, mwezi ujao. Nafasi imebaki moja. Moja tu! Na wanaoigombea ni wawili: Edwin Garrod wangu, na Lionel Fosdyke, kijana mwenye shingo ndefu na mama mwenye ulimi mrefu zaidi.

Atakayechaguliwa atapewa kofia ya samawati. Ni kitambaa tu, lakini kwetu sisi ni nyumba. Dakta Pennifold, Mwalimu Mkuu wa shule ya Wexcombe, ameandika barua isiyo na kona: anataka mwalimu wa michezo aliyecheza Lord's. Edwin akienda na kofia, kazi ni yake kuanzia Septemba, pamoja na nyumba ya mawe yenye mlango wa kijani na mpeasi uani. Akienda kichwa wazi, asijisumbue kukata tiketi ya treni. Tutabaki hapa kwa Bi. Cutbush, mwenye nyumba wetu: chumba kimoja, jiko la gesi la mdomo mmoja, hakuna kupigilia misumari, hakuna kuimba bafuni, na viatu vya kriketi vivuliwe barabarani.

Edwin anasema tungoje. Ati atacheza kadiri awezavyo na kapteni ataamua. Maskini mpenzi wangu! Haijui dunia. Chuo kilimruhusu aoe kabla hajamaliza mwaka wake wa ualimu, basi anadhani watu wote ni wema. Mimi ninaona mambo yalivyo. Kapteni anaamua peke yake. Hana kamati, hana wa kumuuliza. Maana yake kuna moyo mmoja tu wa kuuteka. Wa Edwin niliuteka kwa dansi mbili na bakuli la jeli. Nishindwe na huu?

Nimeanza kupanga.

Alhamisi, 2 Juni

Nimegundua siri ya Mama Lionel. Amepanga vyumba mjini kwa muhula mzima, na kila siku ya mchezo anapeleka keki ya matunda kwenye banda la wachezaji. Keki kubwa kama tairi. Anamkatia kapteni kipande cha kwanza kwa mkono wake, anamwita mwanangu! Na huyo Lionel hajafikisha alama hamsini za mikimbio katika mchezo wowote tangu Mei ilipoanza.

Haya. Hata mimi najua kulisha.

Nimemwalika kapteni chai leo alasiri. Nimetengeneza sandwichi za kamba wa kusaga. Nilizitengeneza asubuhi mapema, kwa mapenzi, nikazipanga dirishani kwenye jua ili zionekane tangu barabarani. Edwin aliuliza kama kamba hawapendi baridi. Nikambusu, nikamwambia wewe shughulika na gongo lako la kriketi, jikoni niachie.

Kapteni alikuja. Mrefu, mpole, haongei sana, ana nyusi zinazoongea kwa niaba yake. Alikula sandwichi kumi na moja! Nilizihesabu kwa furaha iliyonifanya nitake kulia. Edwin hakula hata moja, alikuwa na wasiwasi. Mimi nilishiba kwa kuwatazama. Wakati wa kuondoka kapteni alinishika mkono akasema, "Shemeji, sijawahi kula kitu kama hiki."

Ushindi!

Jumamosi, 4 Juni

Kapteni yuko kitandani tangu jana. Hainuki. Daktari amekwenda mara mbili.

Timu imecheza leo bila yeye. Msaidizi wake akampanga Edwin wa tisa kupiga, nyuma ya watu wasioweza kulenga hata mlango. Mikimbio saba. Lionel alipangwa wa nne, akapata arobaini na mbili.

Mama Lionel anampelekea mgonjwa supu ya kuku. Nilikutana naye mbele ya posta akiwa na bakuli limefunikwa kitambaa. Nikamsalimu kwa heshima. Akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo, kwamba yeye anawahi, maana mjini hapa wengine wanapika na wengine wanaua.

Nilijibu nilipofika nyumbani, mbele ya kioo. Nilikuwa mkali sana.

Edwin hakunilaumu hata kidogo. Alisema kapteni yu hai, na hilo ndilo kubwa. Kisha akanichezea nywele. Ninampenda mpaka nasikia kizunguzungu. Alisema pia, polepole, kwamba angefurahi kama nisingefanya jambo lingine. Nikamwahidi kwamba sitapika tena.

Kupika. Sikuahidi mengine.

Jumanne, 7 Juni

Nimepata wazo nikiwa nafua soksi zake. Chakula ni jambo la tumbo, na tumbo ni la mtu mmoja. Gazeti linasomwa na mji mzima! Kapteni hawezi kumwacha mtu ambaye mji mzima unamdai.

Lakini barua kutoka kwa mke haina uzito. Inahitajika barua ya mzee, mwenye masharubu, aliyeona vita na kriketi nyingi. Nimejiita Kanali Mstaafu. Nimeandika kwa mwandiko wa kiume, yaani nimebonyeza kalamu kwa nguvu na sikuchora maua.

Nimeituma. Moyo unapiga kama wa mwizi! Mwizi mwenye furaha.

Alhamisi, 9 Juni

Wameichapisha! Yote! Ukurasa wa nne, juu ya tangazo la kuuza farasi. Ninanakili sehemu niipendayo:

"Bwana Mhariri, mimi ni askari wa zamani na sina maneno mengi. Nimewaona wapigaji wengi katika maisha yangu, lakini hakuna aliyenigusa kama Bwana Garrod. Tazama anavyokunja mikono ya shati lake! Tazama shingo yake iking'aa kwa jasho jepesi, na lile shungi la nywele linaloangukia jicho la kushoto, ambalo mtu hutamani kulisogeza kwa kidole. Na anapotabasamu, kishimo kile shavuni! Mtu kama huyo asipocheza Lord's, Uingereza imekwisha. Wenu, Kanali Mstaafu."

Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu, mara tatu. Barua nzuri. Ya kiaskari.

Nikaenda uwanjani mbio. Nilipofika niliona wachezaji wamejaa mlango wa banda, mmoja amesimama juu ya kiti anasoma, wengine wanagaagaa majanini. Edwin alipotoka na gongo lake, wote wakasimama wakapiga saluti. Mmoja akapaza sauti, "Garrod, kanali yuko wapi leo? Mwambie nywele zimekuangukia!" Mwingine akamwomba kishimo chake akione kwa karibu. Lionel Fosdyke, yule shingo, akauliza kama harusi ya pili ni lini, na kama kanali atavaa medali.

Edwin akawa mwekundu kama kamba. Alitolewa kwa mpira wa kwanza. Hakupata mkimbio hata mmoja.

Nyumbani aliweka gongo lake chini akanitazama. Kisha akaniuliza kama ninamfahamu kanali yeyote. Nikasema wako wengi duniani. Akauliza kanali alijuaje habari ya kishimo, maana kinaonekana kwa karibu tu, akiwa anacheka kwenye mto. Nikasema huenda alikuwa na darubini.

Akacheka! Akacheka mpaka kishimo kikatokea. Nikalisogeza shungi. Lakini baadaye alikwenda dirishani akasema, bila kugeuka, kwamba anaitaka ile nyumba yenye mlango wa kijani kuliko ninavyodhani. Kwamba hapendi nilale kwenye kitanda kinacholia kila nikijigeuza. Nikaona mabega yake yameshuka.

Basi nimeapa. Nitaokoa jambo hili hata kama ni kwa nguvu zangu zote.

Jumamosi, 11 Juni

Mungu hawaachi wapendanao!

Nilikwenda kwa Snelgar kutafuta uzi. Bwana Snelgar anauza nguo za kila aina, na dirisha la duka lake linatazama barabara ambayo kapteni hupita kila siku. Ananifahamu, maana gauni langu la harusi lilitoka kwake. Akaniuliza mume anavaa suruali gani akicheza. Nikamwambia ni zako hizohizo, za flaneli nyeupe, zinamkaa vizuri ajabu. Akasema ati, kumbe! Akafikiri. Akasema angefurahi kuweka picha ya Bwana Garrod dirishani pamoja na maneno machache, na kama shukrani angetupa mapazia.

Mapazia ya waridi! Waridi nyekundu na majani, kitambaa kizito, jozi nne. Niliyaona papo hapo yakining'inia kwenye madirisha ya nyumba ya mawe. Na mwanga wa asubuhi unapita juu ya uso wa Edwin!

Nikampa picha ya fungate, ile ambayo Edwin anainama kufunga kamba ya kiatu na kutazama nyuma akitabasamu. Suruali inaonekana vizuri.

Sasa kapteni atauona uso wa Edwin kila siku, apende asipende. Hakuna kitu kinachoingia moyoni kama uso unaoonekana kila siku. Edwin sijamwambia. Iwe zawadi.

Jumatatu, 13 Juni

Ole wangu.

Picha ni kubwa kama mlango! Sikujua zinaweza kukuzwa hivyo. Na chini yake, kwa herufi nyekundu: GARROD WA CHUO KIKUU HUINAMA BILA HOFU KATIKA SURUALI ZA SNELGAR.

Saa tatu asubuhi watu walikuwa wamejaa njia. Saa nne mlinzi mmoja wa chuo alikuwa anawatawanya. Saa nne na nusu kapteni akasimama pale, bado amekonda kutokana na wale kamba, akatazama kwa muda wa kutosha kusoma biblia nzima. Nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo ili nione anavyovutiwa.

Hakuvutiwa.

Alikuja moja kwa moja kwa Bi. Cutbush, mimi nikiwa mbio nyuma yake. Edwin alikuwa anapaka gongo lake mafuta, hana habari ya kitu. Kapteni akamuuliza, kwa upole wa kutisha, kama amelipwa. Edwin akasema kwa lipi? Kapteni akasema kwa suruali. Edwin akajitazama suruali.

Nikawaambia wote wawili kwamba hakuna aliyelipwa senti, na nikayaonyesha mapazia. Nilidhani yatamaliza ubishi. Kapteni akakaa kitini kana kwamba kamba wamerudi.

"Shemeji," akasema, "uwanjani kuna waungwana na kuna wanaolipwa. Milango yao ya kutokea ni miwili. Muungwana hachezi kwa mshahara, wala hachezi kwa pazia. Chuo kinachezesha waungwana tu. Sasa niambie, mumeo anatokea mlango upi?"

Mimi! Ninajua habari ya milango miwili, nani asiyeijua? Mtoto wa miaka mitano anaijua. Lakini nilidhani ni habari ya pesa. Nani angefikiri kwamba waridi ni mshahara?

Kapteni akasema jina la Edwin haliwezi kusimama mahali popote mpaka jambo hili lifutwe. Akaondoka. Edwin hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikwenda kukaa kwenye ngazi, na Bi. Cutbush, ambaye hapendi mtu akae kwenye ngazi zake, akamletea chai.

Jumanne, 14 Juni

Nimeyarudisha mapazia. Jozi zote nne, mikononi, kupitia sokoni, mchana kweupe. Nilikuwa nalia na waridi ziko mpaka puani. Mama Lionel alikuwa amesimama mlangoni kwa mwokaji. Akaniuliza kama tunahama, au tumefukuzwa.

Bwana Snelgar alikataa kuishusha picha. Ati tangu jana ameuza suruali nyingi kuliko Mei nzima. Nikamwambia kama haishuki, nitakaa pale dirishani pembeni yake na kulia mpaka jioni. Nikaanza. Nalia vizuri, ni kipaji. Wateja wawili wakatoka. Picha ikashuka.

Nikampelekea kapteni hati ya Snelgar iliyoandikwa kwamba Bwana E. Garrod hakujua kitu, hakupokea kitu, na mke wake amerudisha kila uzi. Kapteni akaisoma. Nyusi zikapanda, zikashuka. Akasema vema, anamwamini Edwin. Atacheza kesho dhidi ya timu ya Jeshi, siku tatu, kila mmoja akipiga mara mbili, yeye na Lionel wote wawili, na baada ya hapo ataamua.

Nikataka kumkumbatia. Akarudi nyuma. Akasema kuna sharti moja: kwa siku tatu hizo shemeji asikanyage uwanjani. Wala barabara inayopita uwanjani. Ikiwezekana, wala dirishani.

Nimekubali. Kwa ajili ya mpeasi na mlango wa kijani, ningekubali kufungiwa kabatini.

Ijumaa, 17 Juni

MIA MOJA NA KUMI NA MBILI!

Nianzie wapi? Siku mbili zilipita mimi nimefungwa chumbani nikishona mto. Jumatano Lionel akapata ishirini. Jana Edwin akapata kumi na nne. Leo tangu asubuhi nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, ili hata dirisha lisinione. Uwanja uko mbali kidogo, lakini upepo ukija vizuri makofi yanasikika. Saa sita yakaja makofi madogo. Nikasema hayo si yake. Saa saba makofi. Saa nane makofi marefu, na mtu akapiga mbinja. Nikauma mto.

Saa tisa ikaja sauti kama ya mvua juu ya mabati. Haikukoma! Bi. Cutbush, anayechukia kriketi kuliko panya, alipanda akafungua mlango akaniambia, "Mwanangu, kule kuna mtu amefanya jambo." Tukashikana mikono. Mikono yake ina sabuni.

Edwin akaja mbio, akapanda ngazi na viatu vyake vya misumari, na Bi. Cutbush hakusema kitu! Mia moja na kumi na mbili! Ati mpira mmoja ulivuka ua ukaingia kwenye kikapu cha mchungaji. Na Lionel? Tatu. Shingo yote ile, mikimbio mitatu.

Nilimuuliza siri ni nini. Alifikiri kwa uaminifu, kama kawaida yake. Akasema hajui hasa, ila akili yake ilikuwa imetulia sana.

Nimeelewa mara moja. Ilitulia kwa sababu alijua mimi niko hapa, ninamwombea, nimekaa chini. Kukaa kwangu chini ndiko kulikofanya kazi! Kumbe hata nikiwa mbali namsaidia.

Jumamosi, 18 Juni

Nimekunywa vikombe vitatu vya chai na bado sijaweza kuandika sawasawa.

Saa nne asubuhi Edwin alikuwa amekwenda kunyoa. Mimi niko dirishani nachana nywele. Nikamwona kapteni anakuja. Uso wa mazishi. Chini ya kwapa, kifurushi cha karatasi.

Nikaganda. Kifurushi! Snelgar amempelekea suruali! Ni asante nyingine ya ile picha, na sasa kapteni anakuja kumfuta Edwin kabisa! Nilifikiri haraka sana, kama nifikirivyo siku zote. Kama hamkuti, hawezi kumwambia. Na kama hajaambiwa, hajafutwa.

Nikamshukia Bi. Cutbush ngazini. Nikamwomba amwambie kapteni kwamba Bwana Garrod ana matumbwitumbwi, haonekani na mtu. Kisha nikapanda na kujifunika blanketi.

Bi. Cutbush anapenda magonjwa. Nilimsikia mlangoni akieleza mashavu yalivyovimba, huku kama boga, huku kama boga kubwa. Nikasikia sauti ya chini ya kapteni. Mlango ukafungwa. Salama!

Bi. Cutbush akapanda polepole, magoti yake mabaya. Akakaa kitandani. Akaanza na marehemu kaka yake, aliyepata matumbwitumbwi akiwa na miaka thelathini na hakuwa tena mtu yule. Nikamuuliza kapteni alisemaje. Akasema alisikitika sana, kijana mwenye adabu, na alikuwa ameleta kofia.

Kofia?

Ndiyo, kofia ya samawati, alimfungulia karatasi akamwonyesha. Alikuwa anataka kumkabidhi Bwana Garrod kwa mkono wake. Lakini matumbwitumbwi huchukua wiki tatu, na Lord's imebaki wiki mbili, kwa hiyo ati anaipeleka sasa hivi kwa kijana mwingine, yule mwenye mama, kabla kijana huyo hajaondoka kwa treni ya saa sita.

Sikumbuki ngazi. Nakumbuka baiskeli ya Bi. Cutbush, ambayo ina kikapu mbele, na ndani ya kikapu samaki wawili wa chakula cha mchana. Nakumbuka kiatu kimoja kikibaki kwenye reli ya tramu ya zamani. Nakumbuka maprofesa wakiruka. Kengele haikufanya kazi, kwa hiyo nikawa kengele mwenyewe.

Nilikunja kona na kumwona. Yuko mlangoni kwa Mama Lionel, mkono juu, anabisha. Mlango ukafunguka papo hapo, Mama Lionel katika shanga zake zote, keki mkononi!

"HANA MATUMBWITUMBWI!" nikapiga kelele.

Mama Lionel akauliza nani hana. Nikasema mume wangu! Hana, hajawahi kuwa nayo, ana afya ya farasi! Nikagonga ukuta nikaanguka na samaki. Mama Lionel akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema kwa utamu, "Bibi, una kiatu kimoja."

Kisha mlango wa kinyozi upande wa pili ukafunguka na Edwin akatoka, shuka jeupe shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Ati alisikia sauti yangu, akajua kuna jambo.

Kapteni alimtazama mashavu. Shavu hili, shavu lile. Akamwambia Mama Lionel samahani sana, alibisha mlango usio wenyewe. Akavuka barabara. Na palepale, katikati ya watu, akasema kama desturi inavyotaka, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Garrod, ungependa kucheza Lord's?"

Edwin akasema angependa sana.

Akaivaa kofia juu ya nusu ya nywele. Mlango wa kijani! Mpeasi! Nilikaa chini barabarani nikalia, na wakati huu sikuwa ninajaribu. Mama Lionel alifunga mlango wake kwa nguvu mpaka keki, nadhani, ilipasuka.

Kapteni alinisaidia kuinuka. Alisema, "Shemeji, niahidi jambo moja. Usimsaidie tena. Kamwe." Nikaweka mkono kifuani nikaahidi. Nilimaanisha kwa moyo wote.

Jumanne, 5 Julai 1927

London. Siku ya sabini na tatu ya ndoa!

Jana Edwin alicheza Lord's mbele ya kofia za silinda elfu na miavuli ya rangi zote. Mikimbio thelathini na nane. Kila mmoja ulikuwa mzuri. Mchezo haujaisha, lakini kofia ni yake maisha yake yote, na hakuna anayeweza kuivua.

Leo wakati wa chakula cha mchana Dakta Pennifold alikuja mezani kwetu. Mzee wa ndevu fupi, mchangamfu. Akampa Edwin mkono, akanipa mimi ufunguo wa nyumba! Mzito, wa chuma. Niko nao hapa mapajani ninapoandika. Kazi imepatikana, nyumba imepatikana, kila kitu kimekamilika. Edwin alifurahi mpaka akala samaki wangu na wake, kisha akaenda kujitayarisha.

Hapo ndipo Mama Lionel alipopita. Lionel wake ni mchezaji wa akiba, anabeba vinywaji. Akajikaribisha. Akaanza kumweleza Dakta Pennifold, bila kuulizwa, ati kofia ni kofia, lakini Lionel wake anaogelea pia. Ati amevuka mto Thames akiwa na miaka kumi na mitano. Dakta Pennifold akaanza kumtazama Lionel kwa mbali, kwa jicho la mtu anayepima farasi.

Nilifanya nini? Sikumsaidia Edwin. Niliahidi. Nilizungumza tu, kama mtu yeyote mezani. Nilisema Edwin huogelea kama samaki. Nilisema alipiga mbizi kutoka kwenye daraja mwaka jana na kumwokoa askofu.

Dakta Pennifold akaweka uma chini. Machozi yakamlengalenga! Ati Wexcombe wamemaliza kujenga bwawa jipya la kuogelea, na tarehe ishirini na nne Septemba litafunguliwa mbele ya wazazi wote, na amekosa usingizi akitafuta mwalimu wa kuruka wa kwanza kutoka kwenye ubao wa juu. Sasa amempata. Alisema tangu leo hafikirii kumweka mtu mwingine yeyote katika nyumba ile ila mrukaji huyu. Mama Lionel akaondoka bila kuaga. Ah, mgongo wake ulikuwa mtamu kuutazama!

Edwin hajui kuogelea. Bafuni anaingia mguu mmoja mmoja, na hukaa upande usio na bomba. Lakini zimebaki wiki kumi na moja, na nimesoma mahali fulani kwamba maji humbeba mtu yenyewe akiwa mtulivu, na hakuna mtu mtulivu kama mume wangu.

Nitamwambia keshokutwa, baada ya mchezo. Au mwezi wa Agosti.

Kwa sasa nimemwandikia Dakta Pennifold maneno mawili matatu ya haraka, na nimekwisha kuyatia sanduku la posta. Nimemwambia ubao huo wa kuruka uko chini mno kwa Edwin, utamchosha. Waupandishe futi kumi.